Walioyahukumu Maziwa ya Qu Lamei

Qu Lamei alihukumiwa kwa kosa la maziwa yake. Hukumu ilisomwa katika ua wa Nyumba ya Wanyonyeshaji, mbele ya wanawake waliopangwa mstari, nayo ilisema kwamba mwanamke huyu, mke wa mchukuzi wa makaa wa kijiji chetu, aliweka hasira moyoni. Kwamba hasira hiyo ilishuka kifuani ikayapasha moto maziwa. Na kwamba maziwa hayo yalimuua mwana wa Mfalme siku kadhaa baada ya mtoto kuacha kuyanyonya. Matabibu wa ikulu waliikubali kwa kuitikia kwa vichwa. Hakuna aliyeuliza mtoto alifia katika nyumba ya nani, wala siku ile alikuwa akinyonya titi la nani. Lamei alichapwa kwa mbao hadi akashindwa kusimama, kisha akapelekwa Nyumba ya Kufulia, mahali ambapo wanawake wa ikulu waliozeeka na waliokosa hufua nguo za wenzao mpaka kufa.

Nimesoma vya kutosha kujua kwamba serikali hukosea. Sikujua, hadi majira yale, kwamba inaweza kutenda kosa kwa makusudi kisha ikatafuta titi la kulibebesha. Niliyoyaandika hapa nimeyapata kwa mumewe, Dou Cheng, ambaye ni jirani yangu, na kwa Mama Pang, aliyekuwa mkubwa wa wanyonyeshaji hadi walipomtoa kwa uzee. Nimewauliza kama niyafiche majina yao. Wamesema nisijisumbue, kwa kuwa hawana tena cha kupoteza.

Lamei alizaliwa chini ya vilima vya magharibi, kule makaa yanakochimbwa. Baba yake alisuka mikeka ya matete. Mama yake alimhitaji kwa kuteka maji, kwa hiyo alichelewa kumfunga miguu kwa vitambaa ili ibaki midogo, kama wafungwavyo wasichana wa kwetu, na alipoifunga, mifupa ilikuwa imekwisha kukomaa. Msichana akakua na miguu mikubwa, akachekwa kila sokoni. Dou Cheng alipotaka kumposa, mama yake alimkaripia.

"Mwanangu, unaoa ngamia."

"Ngamia anabeba mzigo, mama. Huyo sungura unayenitafutia atabeba nini?"

Walioana. Lamei alibeba mzigo kweli, akitembea nyuma ya punda wa mumewe hadi kwenye malango ya mji mkuu na kurudi, uso mweusi kwa vumbi la makaa. Wakati wa mavuno ya mtama alijifungua binti. Mama mkwe alimtazama mtoto, akasema nyumba imepata mdomo mwingine ambao hata jina la ukoo hautalibeba. Dou Cheng akamwita Guzi, yaani nafaka, kwa sababu, alisema, hajawahi kumwona mtu anayeichukia nafaka. Hata yule bibi alicheka, na jioni yake alionekana akimwimbia mtoto.

Kabla baridi haijaingia, maafisa walifika kukusanya wanyonyeshaji. Walikuja na wanawake wakaguzi waliotazama meno, wakanusa makwapa na kukamulia maziwa kwenye bakuli jeupe. Kila mwanamke wa vijiji vyetu aliyekuwa na maziwa mazito alipandishwa kwenye gari la punda. Wenye maziwa mepesi na wagonjwa ndio walioachwa. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa maana baadaye kuna watu waliomuuliza Dou Cheng, kwa sauti ya kulaumu, ni kwa nini hakumtafutia binti yake jirani wa kumnyonyesha.

Ipo ahadi ya zamani kwamba mwanamke akichukuliwa, Nyumba humpelekea mtoto wake mnyonyeshaji mwingine. Kwa wengi ahadi hii hutimizwa. Sitasema uongo hata dhidi ya ikulu. Lamei aliondoka akiiamini. Alimwachia mama mkwe mtoto na nepi zilizokauka, akamwambia, "Mama, akilia sana mpapase tumboni, usimtikise."

"Nimelea mumeo nisimlee huyu?" bibi akajibu.

Ndani ya Nyumba ya Wanyonyeshaji walilishwa miguu ya nguruwe iliyochemshwa bila chembe ya chumvi, ili maziwa yawe mengi na matamu. Siku ya kwanza Lamei alisukuma bakuli.

"Kula, mdogo wangu," Mama Pang akamwambia. "Hapa ulimi tumeuacha langoni."

"Hata mbwa wa kwetu anaonjeshwa chumvi, dada."

"Mbwa wa kwenu hamnyonyeshi mwana wa Mfalme. Kula."

Wanawake hao hukaa katika vyumba vya pande mbili. Upande wa mashariki ni waliozaa mabinti, upande wa magharibi ni waliozaa wana. Kwetu kila mtu anaijua sababu. Mwana wa Mfalme hunyonyeshwa na mama wa binti, na binti wa Mfalme hunyonyeshwa na mama wa mwana, kwa sababu matabibu wanaamini kwamba joto la mmoja hupozwa na ubaridi wa mwingine. Kwa hiyo anayesimama karibu na lango akaona mwanamke wa upande gani ameitwa, huyo anajua kilichozaliwa kabla ngoma hazijapigwa. Wauza chai wa barabarani huwekeana dau juu yake. Na mke wa Mfalme mwenye adui hujua kwamba adui yake naye amemweka mtu langoni.

Wakati ule Malkia hakuwa na mtoto. Bibi Rong, mke aliyependwa kuliko wote, alikuwa na mwana aliyefikia umri wa kukimbia lakini hakuwa amesema neno hata moja. Mawaziri walikuwa wamekwisha kunong'onezana kwamba, kama atazaliwa mwingine mwenye ulimi, huyo ndiye atakayerithi kiti. Ndugu za Bibi Rong walikuwa wameshika vyeo kwa tumaini la yule mtoto bubu, na hawakuwa tayari kuviachia. Mke mmoja mdogo aliyepata mimba mwaka uliotangulia alipelekewa supu kutoka jikoni kwa Bibi Rong, na mimba ikatoka. Hakuna aliyethibitisha kitu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuuliza.

Aliyefuata kupata mimba alikuwa Bibi Ning. Huyu alikuwa mtumishi wa kumimina chai kabla Mfalme hajamwona; hakuwa na kaka waziri wala mjomba jemadari. Alijifungua mwana mwanzoni mwa baridi, akamwapisha mkunga, na akatangaza kwamba amezaa binti. Mfalme alikuwa mgonjwa, na waliolinda mlango wake walikuwa watu wa Bibi Rong. Bibi Ning alikusudia kumficha mwanawe mpaka Mwaka Mpya, siku ambayo Mfalme hana budi kuwapokea wake zake wote, amweke mtoto mapajani pake mbele ya macho ya watu.

Kwa hesabu hiyo ilimpasa aite mnyonyeshaji wa upande wa magharibi, mama wa mwana, na mambo yangeishia hapo. Mama Pang alimwambia hivyo.

"Bibi, maziwa ni maziwa. Mchukue mama wa mwana, lango likae kimya."

"Mama Pang, ungempa mwanao dawa iliyochemshwa kwa ajili ya mtoto mwingine?" Bibi Ning akauliza. "Nimempata mmoja tu. Nimpe maziwa yatakayomchoma?"

Simcheki Bibi Ning. Mama yangu mwenyewe angesema vivyo hivyo, na sijui ni nani kati yetu angekuwa na moyo wa kuijaribu desturi kwenye koo la mwanawe wa pekee. Lakini hapo ndipo ilipozaliwa njama iliyomwangamiza Lamei. Mama Pang alimtoa upande wa mashariki akamhamishia upande wa magharibi. Akamwazima mvulana mchanga wa mke wa mwendesha nyumbu, aliyekaa kwenye kichochoro nyuma ya Nyumba, ili aonyeshwe langoni kuwa ni mtoto wa Lamei.

"Kuanzia leo umezaa mwana," akamwambia.

"Na Guzi?"

"Guzi hayupo. Ni mpaka Mwaka Mpya tu."

"Dada, nani atamnyonyesha huyo asiyekuwepo?"

"Nitaona la kufanya," alisema Mama Pang. Hakuona. Kumpelekea binti mnyonyeshaji kijijini kungekuwa sawa na kupiga mbiu. Mnyonyeshaji wa ahadi alitumwa kwa mvulana wa mwendesha nyumbu, akawa na matiti mawili ya mama yake na mawili ya serikali, akanenepa hadi shingo ikapotea. Guzi alilishwa na bibi yake maji ya mtama yaliyochujwa kwa kitambaa.

Mwana wa Mfalme alikuwa na afya. Alivuta kwa nguvu, akalala akiwa ameshika kidole cha Lamei. Bibi Ning alikaa karibu nao kila mara, maana hakuwa na mwingine wa kuzungumza naye.

"Dada, unamwonaje?"

"Anavuta vizuri, Bibi. Kama wangu."

Bibi Ning akasema, "Huyu akishika kiti, binti yako nitamjengea nyumba."

"Bibi, apate maziwa kwanza."

Ipo siku ambayo jamaa za wanyonyeshaji huruhusiwa kufika langoni. Dou Cheng alifika akiwa amenawa uso, lakini makaa hayatoki kwenye kope. Mke wa mwendesha nyumbu alikuwa amemleta yule mvulana, akampokeza Lamei, na Lamei akamkumbatia mtoto wa watu huku walinzi wakitazama. Dou Cheng alisimama mbele ya mkewe, hajui aitie wapi mikono yake.

"Nyumbani wazima?" Lamei akauliza.

"Wazima. Ila yule punda wetu mdogo. Tumbo lake halishiki. Kila anachokunywa kinatoka."

"Amekonda?"

"Nikimbeba sisikii uzito. Mama anasema ngozi ya kisogoni imelegea."

Mlinzi mmoja akaangua kicheko. "Sikieni mwanaume huyu. Ana mwana kama kipande cha mafuta, naye anamlilia punda."

"Mchukuzi wa makaa bila punda ni nini?" mwenzake akasema. "Mwache alie."

"Analia bado?" Lamei akauliza, macho kwa yule mvulana.

"Ameacha kulia," Dou Cheng akajibu. "Hilo ndilo linalonitisha."

Nimemuuliza Dou Cheng kwa nini hakupaza sauti pale pale. Aliniuliza mimi, mtu niliyesoma, ningepaza sauti kwa nani.

Lamei alirudi ndani akamwomba Bibi Ning ruhusa ya kwenda kwao, au atumiwe Guzi mtu yeyote mwenye maziwa. Bibi Ning alilia kwa dhati, akamshika mikono, akamwambia asubiri, Mwaka Mpya umekaribia. Lamei akasubiri. Maziwa yalimjaa kifuani hata mtoto wa Mfalme akashindwa kuyamaliza, ikabidi ayakamulie kwenye bakuli na kuyamwaga. Mama Pang anasema alimwona akiwa ameinama juu ya bakuli lile, hamwagi, anatazama tu. Asubuhi iliyofuata alivaa viatu vyake vikubwa akaenda kwa Hou.

Hou alikuwa towashi, msimamizi wa lango na mgawaji wa wanyonyeshaji. Alikuwa pia sikio la Bibi Rong, na Lamei alilijua hilo kama alivyolijua kila mwanamke wa Nyumba ile. Asidhani mtu kwamba alikwenda kwa ujinga. Mama Pang alimfuata mpaka mlangoni ili amzuie, na maneno yao aliyasikia yote.

"Mzee Hou, naomba mnyonyeshaji kwa mtoto wangu. Yuko taabani."

"Mama Qu, umeamka vibaya," Hou akasema. "Mwanao nilimwona jana. Nilipomfinya shavu nilidhani ni mkate wa mvuke. Au unataka matiti matatu?"

"Si yule."

"Si yule yupi?"

"Yule ni wa mke wa mwendesha nyumbu. Wangu ni binti, yuko kijijini. Anakufa."

Hou aliweka kikombe chake cha chai chini taratibu, na sauti yake ikawa laini. "Binti," alisema. "Basi, mama, ungesema mapema. Nenda kamtulize mtoto wa Bibi. Binti yako atatumiwa mtu leo hii hii."

Na kweli alimtuma. Kwa haki, nasema kwamba katika mambo yote Hou aliyoyasema maishani mwake, hilo alilitimiza. Mwanamke mwenye maziwa tele aliwasili kijijini kwetu kwa gari la punda, akabisha mlango wa Dou Cheng. Bibi yake Guzi ndiye aliyemfungulia. Mtoto alikuwa ameshazungushiwa mkeka wa matete, kazi ya mikono ya babu yake. Yule mwanamke alisimama kizingitini, kifua kikichuruzika ndani ya koti, asijue aingie au arudi. Kwetu mtoto mchanga hapewi kaburi. Hupelekwa ukingoni mwa makaburi ya watu wazima akaachwa. Dou Cheng alimzika binti yake kwenye mpaka wa shamba lake la mtama, na wazee walipomsema aliwaambia wamfukue wao.

Ikulu nako mambo yalikwenda mbio. Bibi Rong hakuhitaji supu safari hii. Alipiga magoti kitandani pa Mfalme, akalia kwamba mwanamke wa chai amemficha mwana wa Mfalme, na anayeweza kumficha mtoto anaweza kumbadilisha. Mfalme mgonjwa alighadhibika. Bibi Ning alifungiwa katika nyumba za nyuma, na tangu siku ile hakuna anayejua kama anapumua. Kinga aliyomwekea mwanawe ikageuka kuwa hatia yake. Mtoto alihamishiwa kwa Bibi Rong ili alelewe naye, akapewa mnyonyeshaji wa Bibi Rong, akalala katika chumba cha Bibi Rong. Taa za Mwaka Mpya hazijatundikwa, akafa.

Matabibu walipoitwa waeleze sababu, walikuwa na majina mawili tu ya kuchagua. Moja lilikuwa la Bibi Rong. Lingine lilikuwa la mke wa mchukuzi wa makaa. Wakagundua hasira ndani ya maziwa.

Miaka imepita. Mwana wa Bibi Rong ametangazwa mrithi, na husema maneno machache anapofundishwa. Hou amepandishwa cheo. Nyumba ya Wanyonyeshaji bado hukusanya wanawake kila inapohitaji, na mwaka jana gari la punda lilipita tena mbele ya shule yangu. Nimempelekea hakimu wa wilaya ombi la Dou Cheng. Alinirudishia bila kulifungua, akanishauri nijishughulishe na mashairi.

Mama Pang huingia Nyumba ya Kufulia kumwona Lamei. Vidole vya Lamei vimeumuka kwa maji ya majivu, na kucha mbili zimeng'oka. Siku ya kwanza, akiwa bado hawezi kukaa kwa sababu ya mbao, aliuliza jambo moja.

"Yule mtu wa Hou alifika?"

"Alifika," Mama Pang akasema.

"Kwa hiyo alipata maziwa."

Mama Pang hakuweza kumwambia ukweli. "Alipata," akajibu. Tangu siku hiyo amelazimika kumlea Guzi kwa mdomo. Guzi wake ameota meno, ametembea, amemwangushia bibi yake sufuria ya uji. Safari iliyopita Lamei alimpa Mama Pang viatu alivyovishona kwa vipande vya nguo alizozifua, akamwambia, "Sasa ndio umri wake. Mwambie mama asimfunge miguu. Mwambie ngamia ndiye anayefika." Dou Cheng ameviweka viatu hivyo juu ya kitanda cha tofali kinachopashwa moto kwa chini, mahali palipo na joto. Hakuna kati yetu mwenye moyo wa kwenda kumwambia Lamei, na nimekoma kuamini kwamba ni kazi yetu.

Ni kazi yenu. Msimamizi Hou, uliyemtuma mnyonyeshaji kwa mkono mmoja na kuuza habari kwa mwingine. Matabibu mlioona hasira kwenye maziwa na msione kitu katika chumba alimofia mtoto. Hakimu unayerudisha maombi bila kuyafungua. Nawe Bibi unayeitwa mama wa mrithi: sikuombeni huruma, kwa kuwa najua mnavyoitumia. Futeni hukumu ile katika ua uleule mlikoisomea, mbele ya wanawake. Msimchukue mama mwingine yeyote isipokuwa na mtoto wake mgongoni. Fungueni lango la Nyumba ya Kufulia, mmtoe Qu Lamei, mmrudishe kwa mumewe. Na kabla hajavuka kizingiti, mmoja wenu, si Mama Pang, si Dou Cheng, mmoja wenu asimame mbele yake amwambie kwa kinywa chake kwamba Guzi alikufa, na ni kwa nini.